Opereta na Pua za Kuazima

Opereta alikuwa hasikii harufu yoyote, na kazi yake ilikuwa kukaa na vinyesi vya mji mzima. Mtaani kwetu watu walisema Mungu alimhurumia. Yeye mwenyewe alisema pua yake ilistaafu kabla yake, ikaondoka na mafao yote.

Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu na sitaliandika. Kila mtu alimwita Opereta, hata padri. Watoto wa chekechea walimwamkia, "Shikamoo, Opereta," naye akaitika marahaba bila kugeuka kuona ni nani.

Mtaa wetu uko upande wa chini wa Morogoro, kule mabomba yote ya majitaka yanakoelekea. Maji yanashuka Uluguru yakiwa masafi, yanaingia mjini, yanafua, yanaosha vyombo, yanasukuma vyoo, kisha yanatujia sisi. Magari ya kunyonya vyoo nayo yanaleta ya nyumba za wageni za Msamvu. Yote yanamiminwa kwenye mabwawa manne yaliyopangana kwa kushuka. La kwanza lina kina kirefu, ndimo uchafu mzito unamotuama ukawa tope. La pili lina mashine tatu zinazoelea na kuchapa maji ili yapate hewa. Sisi watoto tuliziita mapangaboi. La tatu na la nne hayana mashine, maji yanakaa tu juani mpaka yanakuwa ya kijani kibichi, na yakitoka hapo yalikuwa yanaingia kwenye mfereji wetu. Nasema yalikuwa. Kina mama wa mtaani walilima mchicha, matembele na figiri kando ya huo mfereji, mama yangu akiwa mmoja wao. Michango yangu ya shule ya msingi, sare zangu, madaftari, vyote vilitoka kwenye hayo matuta.

Opereta alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na alitembea kwenye kingo za mabwawa kama mtu aliyepoteza hereni. Macho chini, mikono nyuma, buti za mpira zinagonga. Alikuwa anaongea mwenyewe, na akiongea mwenyewe lafudhi ya mlimani ilirudi yote, maneno yanapanda na kushuka kama njia ya kwao. Akiongea na wakubwa wa ofisini aliinyoosha. Alikuwa mtu mzima pekee aliyeweza kuongea na mimi bila kusubiri nijibu. Watu wengine wakiniuliza kitu na nikanyamaza wanaona aibu kwa niaba yangu, wanasema, "Huyu naye," au wanamwangalia mama. Opereta aliuliza, akajijibu, akaendelea. Nilimpenda kwa hilo kabla ya kumpenda kwa kitu kingine.

Alichokuwa anakichukia zaidi duniani ni umeme unaotumika bure. Hasemi "unaotumika vibaya", anasema bure. Mapangaboi yale yalikuwa yakizunguka mchana na usiku tangu yalipofungwa, na umeme ukikatika jenereta la dizeli linawashwa, linakohoa moshi mweusi unaoingia mpaka kwenye nguo zetu kambani. Opereta alisimama pale akiutazama.

"Tunasafisha maji, tunachafua juu," alisema. "Sasa tumesafisha nini?"

Yeye ndiye aliyenieleza, nikiwa darasa la sita, kwamba ule ukijani wa majini ni vimea vidogo vinavyoishi kama majani. Jua likiwaka vinatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo wanayoitumia wadudu wanaokula uchafu. Kwa hiyo mchana jua linafanya kazi ya pangaboi. "Jua lile pale liko kazini, halidai posho," alisema, "na wewe unamwashia mwenzake feni." Aliomba ofisini ruhusa ya kuzima mashine jua likishapanda, na kuziwasha magharibi. Walikataa. Akazima. Walipogundua, bili ilikuwa imeshapungua, wakasema walikuwa wamemruhusu.

Halafu kulikuwa na pampu ya kuhamisha maji kutoka bwawa la tatu kwenda la nne. Opereta aliichunguza kwa muda akaona haina maana. Alikuja na mpira mrefu mweupe wa mafundi ujenzi, ule unaojazwa maji kupimia usawa, akawaweka vibarua wawili huku na huku, yeye katikati akifoka. Walichimba mfereji kwa jembe na sururu. Siku maji yalipopita yenyewe, alizima pampu, akaing'oa fyuzi akaitia mfukoni mwa koti lake, na hakuirudisha tena.

"Mlima umeshayasukuma kutoka kule juu mpaka hapa," aliwaambia vibarua. "Sisi tunasukuma cha nini?"

"Tungejua tungeleta mlima ushike sururu," kibarua mmoja alisema.

"Wewe ungelala tu, hata mlima ungekuwepo."

Ofisini walimsifu. Walileta mgeni, na Opereta akapigwa picha ameshika mpira ule, amenuna kwa sababu walimlazimisha avae kofia ngumu.

Lakini nyumbani kwake taa ziliwaka usiku kucha. Ya barazani, ya sebuleni, ya uani. Alikuwa anaogopa giza, mtu mzima yule. Mama alimtania siku moja, "Opereta, kazini unabana, kwako unaumwagia umeme kama maji ya bomba." Akajibu, "Kazini nina jua, mdogo wangu. Kwangu usiku kuna nini?" Hakuwa na mume wala mtoto ndani, na ile "kuna nini" aliisema kwa namna ambayo mama aliacha utani.

Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, mara mbili, kwa sabuni ya mche. Hakumpa mtu mkono akiwa na nguo za kazi hata umnyooshee vipi. Na alikula mboga zetu. Kila Jumamosi alinunua kwa mama mchicha na figiri, akabeba mkononi bila mfuko ili watu waone. Mjini kulikuwa na maneno kuhusu mboga za mabwawani, wateja wengine sokoni walikuwa wanauliza, "Hizi si za majitaka?" Opereta alikuwa tangazo letu. "Nisipokula mimi, ale nani?" alisema.

Sasa niseme habari ya pua.

Kwa kuwa hakusikia harufu, chakula kilimpa shida. Maharage yakichacha hajui. Kwa hiyo aliita mtoto yeyote aliyepita. "Njoo uninusie." Wavulana wa mtaani walijifunza haraka. Alipowapa maziwa wayanuse, walikunja sura, wakasema yameharibika, na aliposema basi kamwageni, wakaenda kuyanywa nyuma ya choo. Alikuja kugundua. Hakuwachapa. Alisema kuanzia leo atakayenusa vibaya atakunywa mbele yake. Siku iliyofuata mmoja akasema maziwa ni mazuri kabisa, na kumbe siku hiyo yalikuwa yameharibika kweli, na akanywa kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Opereta alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa pale, nilicheka pia, na mimi sicheki mbele za watu.

Kazini ilikuwa hivyo hivyo. Rangi ya maji aliiona, alikuwa na mfuniko mweupe wa ndoo ya rangi amefunga kamba, anaushusha majini kuangalia unapotelea wapi. Mashine alizisikiliza. Sampuli zilipelekwa maabara mara moja moja, na majibu yanarudi maji yenyewe yakiwa yameshafika kwenye mchicha na mchicha umeshafika sokoni. Kwa hiyo kitu alichokitegemea hasa ni sisi. Kila asubuhi alipita kwenye matuta, kina mama wameinama wanamwagilia, anasimama kwenye ukingo.

"Wanangu, jana kulikuwaje?"

"Jana bwawa limetutoa roho, Opereta."

"Saa ngapi?"

"Jua linazama."

Na hapo anarudi kuwasha pangaboi, hata mchana, mpaka harufu iishe. Siku nyingine wanamwambia, "Shwari," anaondoka. Miaka yote ilikuwa hivyo. Hakukuwa na mita nyingine. Alituamini kuliko mfuniko wake.

Kitu kimoja alikikataa katakata, nacho ni kutoa tope bwawa la kwanza. Walimleta injinia kijana, mpole, anayesema "mama" kila baada ya maneno matatu. Alikuja kwenye kingo na viatu vyake vizuri.

"Mama, hili bwawa limejaa tope. Tulete mtambo, tulifunge, tuchimbe."

"Mtambo unakunywa nini?"

"Dizeli, mama."

"Na pampu za kutolea maji?"

"Dizeli pia, mama."

"Nimebana miaka yote, mwanangu, uje uchome kila kitu kwa kiangazi kimoja?"

"Lakini mama, tope likijaa maji yanapita juu juu. Yanaingia leo yanatoka leo. Hayakai yakatulia."

"Tope halina haraka. Ngoja kwanza tutoe mashine mbili kati ya tatu, tubaki na moja ya dharura. Halafu uje na dizeli yako."

Injinia alisema tope likitolewa, likakaushwa, ni mbolea, na lile povu linalopanda toka chini ni gesi, ingeweza kufunikwa na kuvunwa ikapikiwa. Opereta akamuuliza atampikia nani. Vibarua wakacheka, injinia akacheka pia kwa heshima, na habari ya tope ikaishia pale. Mimi nilikuwa upande wa Opereta. Watu wote walikuwa upande wake. Sasa nikifikiri naona kwamba yule kijana ndiye aliyekuwa sahihi, na alikuwa sahihi kwa sauti ndogo mno.

Hiyo ya kutoa mashine mbili moja kwa moja ndiyo ilikuwa ndoto yake. Alikuwa anakaribia kustaafu, alitaka ayaache mabwawa yanajiendesha kwa jua na mteremko. Wakubwa walikubali kuja kuangalia mwaka jana, katikati ya kiangazi. Wakikuta maji ni mazuri, mashine mbili zinang'olewa.

Mwaka jana masika yalipoisha harufu ilianza. Mwanzoni jioni tu, baadaye mpaka saa za shule. Injinia akapita kwenye matuta yetu peke yake, nadhani alitaka kutuandaa. Akasema, "Kina mama, harufu ikizidi, itabidi bwawa la kwanza lifungwe tutoe tope. Kiangazi chote. Maji ya mfereji mtayakosa, ila msijali, mwakani yatarudi."

Msijali. Alipoondoka kina mama waliinamia tena matuta yao. Halafu Mama Shamila, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwenye mtoto mdogo aliyekuwa anambeba mgongoni huku akilima, alisema, "Mimi nina matuta yameota juzi."

"Hata mimi," mama akasema.

Hawakupanga. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye watu walisema walikaa kikao. Hakukuwa na kikao. Kesho yake asubuhi Opereta alifika kwenye ukingo kama kawaida.

"Wanangu, jana kulikuwaje?"

Nilikuwa nimeshika keni ya kumwagilia, nasubiri kusikia. Hewa pale ilikuwa nzito, mtu unaivuta kwa mdomo.

"Shwari," mama alisema.

Opereta akawaangalia wengine.

"Shwari kabisa," Mama Shamila akasema, na mtoto mgongoni akarudia, "Shwali," maana ndio kwanza alikuwa anajifunza maneno. Kina mama wote wakacheka. Opereta akacheka, akamgusa Shamila shavu kwa nyuma ya kiganja, akaondoka.

Waliendelea hivyo. Kila asubuhi shwari. Zilipofika siku za baridi, wingu likashuka toka Uluguru likakaa juu ya mji, siku nyingi mfululizo, milima huioni, jua ni kama sarafu kwenye maziwa. Mfuniko mweupe ukawa unapotea mara tu unapoguswa na maji, na maji yenyewe yakawa ya kijivu. Opereta alitazama, akasema ni baridi tu, kijani kitarudi jua likirudi, na harufu si hakuna? Alikuja mpaka nyumbani kwetu jioni moja, akakaa jikoni kwenye kibao cha mbuzi, akamuuliza mama peke yake.

"Mdogo wangu, wewe huwa hunifichi. Hakunuki?"

Mama alikuwa anapepeta mchele. Alipepeta mpaka mwisho wa ungo.

"Hakunuki, dada."

Akala wali kwetu siku ile.

Watoto walianza kuhara wiki hizo hizo. Wa kwetu mdogo alipata, akapona. Wengine walilazwa, wakarudi. Shamila hakurudi. Alianza asubuhi, mchana macho yalikuwa yameingia ndani, walimpeleka hospitali kwa pikipiki amelala katikati ya mama yake na dereva, na kabla ya laasiri walirudi naye amefunikwa khanga.

Sijui kama ni maji ya mfereji. Watu wa afya waliokuja kupima walitia dawa kisimani pia, na nzi walikuwa kila mahali, na watoto walikuwa wanaokota matunda chini. Hakuna aliyetuambia kwa uhakika. Lakini mtaa haukuhitaji uhakika. Kabla ya mazishi kila mtu alikuwa anasema ni mabwawa, na ukisema mabwawa umesema Opereta.

Kwetu kukiwa na msiba, kila nyumba ya jirani inaleta ndoo ya maji. Hata kama mfiwa ana bomba. Unaileta kichwani, ukifika mlangoni mtu anasimama anakutua, hapo ndipo unakuwa umeingia msibani. Opereta alikuja na ndoo yake, amevaa kitenge, viatu amevivua nje. Yalikuwa ya bomba la kwake, nilimwona akiyakinga. Alisimama mlangoni akasema, "Poleni, wanangu." Kina mama walikuwa wamejaa kwenye mikeka. Hakuna aliyenyanyuka.

Alisimama. Maji yalikuwa yanamchuruzika shavuni kidogo kidogo kwa sababu ndoo ilikuwa imejaa sana. Mwisho mama yangu alinyanyuka, akamtua. Ila kabla hajaiweka chini, shangazi yake Shamila alikuja akaipokea mikononi mwake, akatoka nayo nje, akaimwaga yote pale mlangoni, bila haraka, mpaka tone la mwisho.

"Ya kwako tumeshakunywa," alisema.

Akamrudishia ndoo. Opereta akamwangalia mama. Mama akarudi kwenye mkeka akakaa, akavuta khanga mpaka kwenye macho. Mama Shamila yuko ndani kabisa, amelala ubavu, sidhani kama aliona. Wanawake waliokuwa kwenye ule mkeka ni wale wale wa shwari, wote. Opereta aliondoka na ndoo tupu mkononi, akasahau viatu vyake, nikampelekea baadaye, nikaviacha barazani bila kubisha hodi.

Wakubwa walikuja mapema kuliko ilivyopangwa. Hawakumlaumu mbele za watu, walimwambia akapumzike nyumbani mpaka muda wake wa kustaafu ufike. Mashine zote tatu ziliwashwa, na mpaka leo zinazunguka mchana na usiku, hata jua likiwa kali la kupasua kichwa. Umeme ukikatika, jenereta linakohoa. Pampu ya bwawa la nne nayo imefungwa fyuzi mpya. Mfereji wetu wameuziba kwa zege na uzio wa waya, maji yanakwenda mtoni moja kwa moja. Na tope halijatolewa. Injinia alisema, mama akamsikia, kwamba fungu lote la mwaka limeliwa na umeme na dizeli, la kuchimbia halikubaki. Kwa hiyo bado kunanuka, ila siku hizi hakuna anayeuliza. Mama ananunua mboga za watu wa mlimani sokoni alfajiri, anazigawa kwenye mafungu madogo zaidi, anauza. Mimi niko kidato cha tatu na sina uhakika kama nitafika cha nne.

Mama hakukanyaga kwa Opereta tangu msibani. Nyumba zetu zinaangaliana. Wakikutana njiani mama alikuwa anaamkia halafu anakumbuka kitu alichosahau nyumbani.

Juzi tukasikia Opereta anahama. Anarudi kwao juu, amekwishalipwa mafao, kesho yake gari linambeba. Mama alishinda amenyong'onyea. Jioni akaniambia, "Nenda kaangalie kama yupo. Nataka nikamuage. Siwezi kumwacha aondoke hivi hivi."

Nilimkuta anafunga vyombo kwenye kiroba. Taa zote zinawaka ingawa jua halijazama. Amekonda, mabega yameshuka.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa." Nikakaa. Akaendelea kufunga, nikamsaidia kushika mdomo wa kiroba. Nilidhani ataongea mwenyewe na kujijibu kama zamani. Lakini aliuliza, akasubiri.

"Mwaka jana, wakati wa lile wingu. Kulikuwa kunanuka?"

Hakujijibu. Alishika kamba tu, ananitazama.

"Kulikuwa kunanuka," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu masika yalipoisha."

Akavuta stuli akakaa. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Sasa nisikilize vizuri, usijibu haraka. Kulinuka kama nini? Kama nyasi zilizoozea kwenye maji, au kama mayai viza? Kama ni nyasi, ni ule ukijani, ulikufa kwa kukosa jua. Hapo ni wingu, si mimi, si mtu. Kama ni mayai, hiyo inatoka chini."

Chini ni kwenye tope. Alikuwa amenipa majibu yote mawili, na nilijua ni lipi lingemwacha alale. Alikuwa anaondoka kesho. Hakuna mtu mwingine angemwambia. Nilitazama mikono yake, ile anayoinawa mpaka viwiko. Ilikuwa imetulia kabisa magotini.

"Mayai," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Tangu siku ya kwanza."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali hesabu aliyokwishaipiga mwenyewe mara nyingi. "Yule kijana aliniambia," alisema. Baadaye kidogo akasema tena, "Aliniambia, nikafanya watu wamcheke."

Sikujua niende au nibaki. Nje yale mapangaboi yalikuwa yanavuma. Aliyasikiliza.

"Wakitoa tope," alisema, "mchana yazimwe. Bado jua linatosha. Hilo sikukosea."

"Ndiyo."

"Hakuna atakayekuuliza, lakini ujue."

"Ndiyo."

Akanyanyuka, akaanza kufunga kiroba kingine, nikadhani tumemaliza. Nikafika mlangoni.

"Mama yako," alisema, hakugeuka. "Siku ile jikoni, anapepeta mchele. Alikuwa anasikia harufu?"

Nyumba yetu iko hatua chache tu, na hata jikoni kwetu ilikuwa inaingia mpaka kwenye sufuria.

"Alikuwa anasikia."

Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga upya.

"Ametaka kuja kuniaga?"

"Ndiyo."

"Mwambie asije."

Nilivuka njia. Mama alikuwa amesimama mlangoni amekwishajitanda khanga mpya, ameshika kifurushi cha mchele wa safari amekifunga kwenye kitambaa. Aliniuliza kama Opereta yupo. Nikamwambia yupo, ila amesema usiende.

Mama alibaki amesimama na kile kifurushi, anaangalia zile taa ng'ambo ya njia. Hakuniuliza kwa nini.